Ujirani Usiishie Penye Ngazi

Wahenga walisema, mtu ni watu. Msemo huu tunaufundisha darasani, tunautungia insha, na mwanafunzi akiutumia visivyo tunamkosoa kwa wino mwekundu. Hata hivyo, nimeanza kushuku kwamba sisi wakubwa tunaukosea zaidi kuliko wanafunzi wetu, na kosa letu hatuliandiki kwa kalamu. Tunaliandika kwa mawe na saruji.

Miezi michache iliyopita nilikwenda Liwatoni, upande wa Kilindini wa kisiwa cha Mombasa, kumjulia hali mwalimu mstaafu aliyenifundisha Kiswahili nilipokuwa kijana mdogo. Kwa zaidi ya miaka ishirini ameishi katika jengo moja la ghorofa nne lisilo na lifti. Hapo awali alikaa ghorofa ya tatu. Alipopatwa na kiharusi na kuwa mtu wa kiti cha magurudumu, wanawe walihangaika hata wakampatia vyumba viwili vya sakafu ya chini, mahali palipokuwa pakikaa bawabu wa jengo. Majirani walisaidia kuhamisha vyombo, na kila mtu akamshukuru Mungu kwamba tatizo limekwisha.

Siku niliyofika ilikuwa siku ya hitima ya arubaini ya mzee mmoja wa ghorofa ya pili, mwenzake wa bao. Watu walikuwa wamekusanyika darini, juu kabisa ya jengo, chini ya turubai. Huko ndiko wapangaji wanakofanyia mambo yao yote ya pamoja: hitima, harusi, mikutano ya kulalamikia maji, na kuanika nguo. Sauti ya kisomo ilishuka kupitia ngazi hadi alipoketi Mwalimu, nyuma ya mlango uliofunguliwa nusu. Punde si punde akaja mtoto na sahani ya pilau iliyofunikwa kawa.

"Umeona, mwanangu?" akaniambia. "Ulimi wangu umerudi, akili ninazo, na msahafu nausoma. Lakini marehemu anasomewa na watu ambao wengine hawakupata hata kumwamkia, na mimi niliyecheza naye bao kila alasiri nimeletewa sahani."

Sikuwa na la kumjibu. Makala haya ndiyo jibu langu, ijapokuwa limechelewa.

Tunapozungumzia makazi ya watu wenye ulemavu, aghalabu tunauliza swali moja tu: Je, mtu huyu anaweza kuingia chumbani mwake? Swali hilo ni la haki, lakini ni nusu ya haki. Mwalimu wangu anaingia chumbani mwake. Asichoweza ni kufika penye watu. Panapokaa familia nyingi chini ya paa moja, nyumba ya mtu haiishii kwenye kitasa cha mlango wake. Ngazi ni yake, ua ni wake, bomba la maji ni lake, dari ni lake, na mlango wa jirani anapotaka kuubisha ni sehemu ya makazi yake. Ukimpa chumba kipana kisha ukamnyima hayo, umemjengea gereza safi.

Isidhaniwe kwamba ninazungumzia watu wachache wasiohesabika. Sensa ya Kenya ya mwaka 2019 ilihesabu watu wapatao 900,000 wenye ulemavu miongoni mwa wenye umri wa miaka mitano na zaidi, yaani asilimia 2.2, na kundi kubwa zaidi lilikuwa la wale wenye shida ya kutembea. Hesabu hiyo haimjumlishi mjamzito anayepanda ngazi akishika kiuno, wala ajuza anayepumzika kila baada ya vidato vitano, wala kijana aliyevunjika mguu kwa ajali ya bodaboda. Wala haiwajumlishi wafu. Kila aliyepata kubeba jeneza kwenye ngazi za majengo yetu anajua jinsi wabebaji wanavyolisimamisha wima penye kona, huku waliobaki chini wakiinamisha macho kwa aibu. Ngazi isiyompitisha mtu wa kiti cha magurudumu ndiyo hiyo hiyo inayotudhalilisha sote siku ya mwisho.

Sheria nazo hatukuzikosa. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2003 ilitamka kwamba mtu mwenye ulemavu ana haki ya mazingira yasiyo na vizuizi, na ikawapa wenye majengo ya umma muda wa miaka mitano kuyarekebisha. Mwaka 2008 Kenya iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao kifungu chake cha 9 kinahusu kufikika kwa majengo, na kifungu cha 19 kinahusu haki ya kuishi katika jamii kama watu wengine. Katiba ya mwaka 2010 ikaongeza nguvu: kifungu cha 43 kinataja haki ya makazi yanayofikika, na kifungu cha 54 kinataja haki ya kufika mahali pote kwa njia inayofaa. Mnamo Mei 2025 sheria mpya ya watu wenye ulemavu ilitiwa saini kuchukua nafasi ile ya 2003.

Kwa hivyo karatasi tunazo. La kusikitisha ni kwamba mwenye jengo la kupangisha ana jibu lake tayari: "Hii ni nyumba yangu, si ofisi ya serikali." Kwa jibu hilo, ngazi ya pamoja ya familia kumi na sita inageuka kuwa siri ya mtu mmoja.

Ajabu ni kwamba sisi watu wa Pwani hatukuwa wageni wa makazi ya pamoja. Itazame nyumba ya Kiswahili ya Majengo. Ukumbi umepita katikati kutoka mlango wa mbele hadi uani, vyumba vimepangwa huku na huku, na kila chumba aghalabu kina mpangaji wake. Jiko, bafu na choo viko uani, na mbele kuna baraza. Watu wasio wa ukoo mmoja huishi humo wakigawana maji, moto na malezi ya watoto. Huko Denmark, mwaka 1972, familia kadhaa zilianzisha makazi yaitwayo Sættedammen, kila moja na nyumba yake, lakini zikiwa na jengo la pamoja la kupikia na kulia. Tangu hapo wataalamu wa nchi nyingi wameuiga mpango huo na kuutolea vitabu. Wangefika Majengo wangekuta ua wetu unafanya kazi hiyo hiyo bila kitabu.

Tena nyumba ile ya zamani ilikuwa na jambo moja jema ambalo ghorofa zetu zimelipoteza: mambo yake yote ya pamoja yalikuwa ardhini. Hapakuwa na haja ya kumpandisha mtu popote ili ale, aoge au azungumze. Hata baraza, inapojengwa kwa kimo cha goti, hulingana takriban na kimo cha kiti cha magurudumu, hivi kwamba mtu huweza kuhama kutoka kitini hadi barazani bila kunyanyuliwa.

Lakini tusiisifu nyumba hiyo kupita kiasi. Kizingiti chake ni kirefu, bafu lake ni jembamba, na choo chake cha kuchutama humshinda mtu asiye na nguvu za miguu. Isitoshe, kilikuwako chumba cha ndani, na sote tunajua nani walifichwa humo. Familia nyingi zilimficha mtoto mwenye ulemavu kwa kuogopa maneno ya watu. Ukuta wa fedheha ulijengwa kabla ya ukuta wa saruji, na bado hatujaubomoa wote.

Vile vile tuwatendee haki mafundi wetu. Nyumba za kisiwani haziinuliwi juu ya ardhi kwa ubaya. Mvua ya masika inapomwagika mwezi wa Aprili na Mei, anayejenga sakafu sawa na barabara hulala na maji. Unyevu wa chumvi nao hupanda kutani na kuubambua. Hivyo fundi huinua msingi, na baada ya kuuinua huweka vidato. Kuinua msingi ni hekima. Kosa ni kudhani kwamba njia ya kuufikia msingi huo ni vidato peke yake.

Hapa ndipo somo la hisabati linapotufaa. Nilipima vidato vilivyo baina ya mlango wa Mwalimu na ua. Ni vitatu, na kila kimoja kina kimo cha sentimita 15. Jumla sentimita 45. Kanuni inayokubalika kwingi duniani ni kwamba kwa kila kipimo kimoja cha kupanda, njia ya mteremko iwe na urefu wa vipimo 12. Zidisha 45 kwa 12, unapata sentimita 540, yaani mita tano na nusu kasoro kidogo. Ua wa jengo lile una mita zaidi ya kumi. Nafasi ipo, ila inaegeshwa magari mawili.

Tukaingia ndani, tukapima tena. Kiti cha Mwalimu kina upana wa sentimita 65. Mlango wa bafu una sentimita 62. Kwa ajili ya sentimita tatu, mtu aliyewafundisha mamia ya watoto kusoma hubebwa mikononi na mwanawe kila anapotaka kuoga. Mlango wa sentimita 90 ungetosha, na ndani nafasi ya duara ya sentimita 150 ingemwezesha kugeuza kiti. Fundi hakuombwa miujiza. Hakuambiwa tu.

Na hilo la kuambiwa ndilo kiini cha mambo. Mlango mpana ukichorwa kwenye ramani kabla ya tofali la kwanza kulazwa, gharama yake ni ndogo mno, kwa kuwa palipo na mlango hapana tofali. Mlango huo huo ukitakiwa baada ya jengo kukamilika, itabidi ukuta uvunjwe, linta ihamishwe, na vigae vinunuliwe upya. Kinachoitwa ghali mara nyingi ni gharama ya kusahau. Wale wa Denmark wana jambo la kutufundisha hapa: wakaaji watarajiwa waliketi kwanza, wakaeleza wanavyotaka kuishi, ndipo mchoro ukafuata. Penye kikao kama hicho, mtu wa kiti cha magurudumu awepo na kalamu yake, asiitwe siku ya kukata utepe.

Najua kuna wasomaji watakaouliza: Je, na ghorofa za juu? Lifti ni ghali, umeme hukatika, na kodi itapanda. Hoja hii ina uzito. Jengo refu linalojengwa leo lisipowekewa lifti ni jengo lililokwisha kuamua nani hatakaa humo, na hilo litamkwe waziwazi. Lakini kwa yale majengo mengi ya ghorofa tatu na nne yaliyokwisha kusimama Liwatoni, Ganjoni na kwingineko kisiwani, lipo jambo linalowezekana bila lifti. Kama mtu hawezi kupanda kwenda kwa jamii, jamii na ishuke kwake. Kamba za nguo zishuke uani. Mikutano ifanywe chini. Bomba la pamoja, mita za umeme na pipa la taka viwe mahali pasipo kidato, na katika kimo cha mtu aliyeketi. Hitima, harusi na matanga vifanyiwe ardhini. Vyumba vya sakafu ya chini, ambavyo kwa sasa hugeuzwa maduka na bohari kwa kuwa duka hulipa zaidi, angalau viwili vibakizwe kuwa makazi, na viwe na milango mipana.

Hapo mwenye nyumba atalia hasara. Ni kweli, duka hulipa zaidi. Lakini mpangaji wa ghorofa ya juu anapozeeka na kulazimika kuhama, mwenye nyumba hupoteza mtu aliyelipa kodi kwa miaka ishirini bila kukosa. Aidha, si kila jengo lina mwenyewe mmoja. Sheria ya Miliki za Sehemu ya mwaka 2020 inahusu majengo ambayo kila mtu amenunua makao yake humo: ngazi, ua na paa ni mali ya wote kwa pamoja, na wenye makao ndio wanaounda shirika la kuvisimamia. Walio katika majengo ya namna hiyo hawana landilodi wa kumlaumu. Wakipiga kura kupaka rangi lango, wanaweza pia kupiga kura kujenga mteremko.

Kwa nyumba za Mji wa Kale, hali ni tofauti kidogo. Ngazi zake ni za wima na nyembamba, milango yake imenakshiwa, na hakuna anayetaka msumeno uguse urithi huo. Hata huko, ubao imara wa kuweka na kuondoa penye kizingiti, na chumba cha chini kitakachopokelewa wageni badala ya ukumbi wa juu, huweza kumrudisha mtu katika mazungumzo bila kuharibu hata ua moja la nakshi.

Jambo linalonitia uchungu zaidi ni kwamba mji huu hauna udhuru wa kutojua. Chama cha Walemavu wa Viungo cha Kenya, kijulikanacho kwa herufi APDK, kilianzishwa Mombasa mwaka 1958. Kwa miaka mingi chama hicho kimekuwa kikitengeneza na kutoa viti vya magurudumu. Karakana zake za Bombolulu, zilizoanzishwa mwaka 1969, zimewapa watu wenye ulemavu kazi ya kutengeneza mapambo, vitu vya ngozi, mbao na nguo, na wageni kutoka pembe nyingi za dunia wamefika kununua. Fikiri basi: mtu anaweza kutengeneza kiti cha magurudumu mchana, na jioni akakosa nyumba ya kupanga inayoweza kukipitisha. Tumekuwa hodari wa kumpa mtu magurudumu na wavivu wa kumpa njia.

Wala tusiseme kwamba utaalamu umetushinda. Mwanzoni mwa mwaka 2021 lilifunguliwa daraja la kuelea la waendao kwa miguu kutoka hapo hapo Liwatoni hadi Ras Bofu, upande wa Likoni. Maji ya Kilindini hupanda na kushuka kila siku, na daraja linaloelea hupanda na kushuka nayo, hata ncha zake zikalazimika kutengenezewa miteremko. Nchi iliyoweza kupatana na bahari inayohamahama inashindwaje na vidato vitatu vilivyotulia?

Wakati wa kuuliza ni sasa. Mtaa wa Buxton, uliokuwa na nyumba za kupanga za tangu enzi za ukoloni, ulianza kubomolewa mwaka 2021 ili majengo mapya ya ghorofa yasimamishwe. Mpango wa nyumba za bei nafuu, uliopata sheria yake mwaka 2024, unaendelea kuinua majengo katika kaunti nyingi. Kila mchoro unaopitishwa leo bila swali utadumu miaka hamsini, na makosa yake yatarithiwa na watoto tulio nao madarasani.

Kwa hivyo nawageukia walimu wenzangu na wanafunzi. Wiki hii, badala ya kutoa hesabu ya ngazi iliyoegemezwa ukutani, wapelekeni wanafunzi na utepe wa kupimia. Wapime vidato vya ofisi ya mwalimu mkuu, upana wa mlango wa choo, na kimo cha bomba. Wapige hesabu ya mteremko. Kisha katika somo la Kiswahili waandike barua rasmi kwa anayehusika, wakimpa vipimo badala ya malalamiko. Mwanafunzi aliyepima mlango mara moja hatauchora mwembamba akiwa mhandisi, hatauidhinisha akiwa afisa wa kaunti, wala hataujenga akiwa mwenye nyumba. Na endapo darasani mwenu yumo mwenzenu wa kiti cha magurudumu, yeye ndiye awe kiongozi wa zoezi, kwa sababu amekuwa akipima kwa mwili wake miaka yote mliyokuwa mkipita bila kuangalia.

Siku ile ya hitima, nilipokuwa nikiondoka, nilimkuta bawabu langoni. Nikamuuliza kwa nini kisomo hakikufanywa hapa uani, magari yakaondolewa kwa saa mbili, na Mwalimu akashushwa vidato vitatu akaketi na wenzake. Alinitazama kwa muda, kisha akautazama mlango wa Mwalimu.

"Wallahi, hakuna aliyefikiria," akasema.

Namwamini. Hapakuwa na chuki katika jengo lile. Palikuwa na pilau, iliyoletwa kwa mapenzi na kufunikwa vizuri. Lakini mtu ni watu, na sahani si watu. Hitima nyingine itakuja, kwa kuwa mauti hayana lifti wala ngazi. Itakapofika, magari yale mawili na yaondolewe mapema.